Kitanda cha Mshambya: kwa mwanangu Polikarpi Rwegoshora

Mwaka umetimia sasa, mwanangu Polikarpi, tangu asubuhi ile ya mwezi wa nane ulipoomba uji, nami nilipouleta kutoka jikoni ukawa huuhitaji tena. Watu waliniambia mwaka ni dawa. Nimeunywa wote mpaka chini na sijaona nafuu.

Kazi yako ilikuwa kupima kahawa kwenye ghala la chama, na kila mkulima wa Kimuli anajua hukuwahi kuegemeza mkono kwenye mzani. Lakini msimu ukiisha, wenzako wakienda kwenye pombe ya rubisi, wewe ulikuwa nyuma ya nyumba na msumeno wako na ile randa uliyoinunua Murongo kwa watu wa ng'ambo. Hukuwa fundi, na ukiitwa fundi ulikataa. "Najifunza tu, Mama," ulisema. "Nafurahisha mikono."

Mlango wako wa kwanza ulikuwa wa jiko langu. Mti uliuangusha mwanzo wa wiki, na kabla ya Jumapili mlango ukawa umesimama. Ulikuwa mzuri kweli. Kiangazi kilipofika mbao zikasinyaa, zikaachana, kuku wakawa wanapita katikati bila kuinama. Jirani yetu Mzee Rwegasira akaja akasimama uani.

"Polikarpi, huu ni mlango au ni uzio? Namwona mama yako mpaka kwenye chungu."

"Ni dirisha refu, mzee."

"Basi leo ni matoke na maharage. Nimeshaona, nabaki."

Akabaki kweli, akala.

Ukasema kosa ni maji ndani ya mbao. Ukazichukua zilizofuata ukazipandisha kwenye uchaga wa juu ya mafiga, pale tunapoivishia ndizi za pombe. "Ndizi zinaiva hapa upesi, kwa nini mbao zisikauke?" Nikapika chini yake, moshi ukafanya kazi yake. Ulipozishusha zilikuwa zimejikunja kama pembe za ng'ombe. Ukazipeleka hivyohivyo kwa Celestin, yule fundi aliyekuja kijana kutoka Rwanda akazeekea kwetu. Aliigeuza moja, akainusa.

"Ndugu yangu, hizi umezipika. Zimebaki kutiwa chumvi."

Ulirudi unacheka, na kuanzia hapo ukawa mwanafunzi wake. Ukajifunza kuziacha mbao zikauke zenyewe chini ya ukingo wa paa, zisipigwe na jua wala mvua, na vijiti katikati ili upepo upite. Ulikuwa ukizigeuza kama mtu anayegeuza mgonjwa kitandani. Ukajifunza kuchonga ulimi kwenye mbao moja na tundu kwenye nyingine, zishikane bila msumari. Majaribio ulifanyia vipande vya mkaratusi, ukimaliza unaniletea jikoni. "Mama, vuta." Navuta, vinaachana, unavitupa motoni unaondoka. Kesho yake tena: "Mama, vuta." Uji wangu mwingi uliiva kwa makosa yako, mwanangu. Ikafika siku nikavuta mpaka bega likauma, kiungo hakikutikisika. Ulikaa kizingitini ukakipapasa muda mrefu, ukiwa na mvi mbili tatu tayari, na uso wako ulikuwa ule wa utotoni.

Kisha tukamzika Vestina, mkeo. Ule ugonjwa hapa kwetu hatuutaji kwa jina, nami siutaji. Wanao watatu wakahamia chumbani kwangu, tukalala wote chini, nyasi na mkeka. Masika ubaridi ulipanda kutoka ardhini, na Auleria, mdogo wao, akawa anakohoa mpaka machozi. Ulimsikia kupitia ukutani. Ukaangusha ule mti wa mshambya nyuma ya migomba, ukaupasua mbao, ukazipanga chini ya paa.

"Nataka walale juu, Mama," ulisema. "Kitanda kimoja kipana, wote watatu. Kabla sija..." Ukaishia hapo, ukaenda kutafuta vijiti.

Mbao zilikauka polepole kama ulivyofundishwa, na wewe ulikuwa ukikauka upesi kuliko mbao. Nilikuona. Mkanda wako uliongezwa tundu, kisha lingine. Mwisho nikashindwa kunyamaza, nikakwambia upigilie misumari, umalize, watoto walale. Hukunikasirikia. Ulinieleza kama unavyomweleza mtoto: "Mama, misumari itashika kutu, italegea. Kitanda kitaanza kuyumba wao wakiwa wadogo bado, na mimi sitakuwepo kukikaza. Kinatakiwa kijishike chenyewe."

Basi ukachonga. Asubuhi moja ulichonga ulimi mmoja, siku ya pili ulilala. Ulisugua kila ulimi kwa majani ya msasa mpaka ukawa laini kama sabuni iliyotumika. Ndimi zote zikakamilika. Matundu ya miguu miwili ya mbele yakakamilika. Ya nyuma ulianza moja, patasi ikakudondoka, ukaitazama pale chini kama kitu cha jirani. Nikakuokotea. Ukasema, "Iweke tu, Mama."

Siku ya msiba majirani walikuja kutengeneza jeneza uani, kama desturi yetu ilivyo, kwa mbao zinazopatikana. Mzee Rwegasira alikuja kwangu na kofia mkononi.

"Mama Polikarpi, mbao kavu kijiji kizima ni hizi zake. Amezipasua, amezikausha. Alale ndani yake."

Celestin akasimama mbele yake. "Mzee, hizo si mbao tena. Hicho ni kitanda cha watoto."

"Kitanda kiko wapi, Celestin? Mimi naona vijiti na mbao."

Wote wakanigeukia. Wanao walikuwa wamekaa kwenye mkeka, Auleria anakohoa. Nikasema ziachwe.

Wakateremka mtoni wakaangusha mkaratusi, wakaupasua siku hiyohiyo, maji yanachuruzika kwenye msumeno. Wabebaji walipokezana njiani kwa uzito. Wanawake wakanong'ona kwamba Stephania amemnyima mwanawe mbao zake mwenyewe. Maneno hayo hayanisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba wewe uliyetumia miaka kujifunza kutogusa mbao mbichi, mimi nilikulaza ndani ya mbao mbichi. Najua zimekwishafanya nini huko chini. Uliniletea mlango nikaona.

Nilifanya hivyo kwa ajili ya kitanda. Celestin alinikamata mkono kaburini akasema atakimalizia yeye, matundu yaliyobaki ni kazi ndogo. Kabla mwezi wa tisa haujaisha, Wanyarwanda wenzake waliokimbilia kwetu zamani wakaanza kurejea kwao, na wanawe wakamtaka waende pamoja. Alikuja kuniaga amevaa koti.

"Mama, kiungo kile cha mwisho cha Polikarpi kilikuwa kizuri kuliko changu. Sikumwambia. Nilidhani muda upo. Nami nitarudi kukimaliza kitanda chake."

"Usiniahidi," nikamjibu. "Nenda salama."

Hajarudi, na simlaumu. Nani aache kwao kwa sababu ya matundu mawili?

Masika yote mbao zimekaa. Nimezigeuza mwenyewe, nimezipangusa mchwa, nimewauliza mafundi mpaka Nyakahanga. Kila mmoja anaangalia ndimi zako, anazisifu, anasema matundu yake yatachukua siku nyingi. Na kifua cha Auleria hakikusubiri. Baada ya Pasaka alikohoa damu kidogo kwenye kanga yangu. Nikamwita Mbonimpa, kijana wa barabarani anayetengeneza viti vya baa.

"Bibi, shikamoo. Mambo ya ndimi ni ya wazee haya. Leo kabla ya chakula nitakuwa nimemaliza."

Alisema kweli. Alizikata ndimi zako kwa msumeno, moja baada ya nyingine, mbao zilingane na miguu, kisha akapiga misumari. Nilikaa jikoni nikahesabu nyundo kwa sababu masikio hayana mlango. Alipoondoka nikaziokota zile ndimi kwenye maranda. Nilitaka kuzitia motoni kama vile vipande vya zamani, mkono ukakataa. Ziko kikapuni. Sijui ni za nini.

Katekista anatuambia tushukuru. Nashukuru kwa yale niliyoyaona. Haya mengine bado.

Watoto walipanda kitandani jioni hiyo. Protase ukutani, Speciose nje, mdogo katikati. Kitanda kimeshaanza kulia wakigeuka. Auleria alinishika kidole akauliza, "Bibi, hiki baba ndiye aliyekitengeneza?"

Nikamwambia mbao ni za baba yako.

Akalala.

Tunaokuwaza ni mimi mama yako Stephania. Wanao Protase, Speciose na Auleria. Dada yako Therese wa Nyakahanga na watoto wake. Na Mzee Rwegasira, ambaye siku hizi hupita uani asiseme kitu. Misa ya kukuombea ni Jumapili hii, kigangoni Kimuli.

Hutatoka mioyoni mwetu kamwe, Polikarpi. Hilo tu ndilo tulilobakiwa na nguvu ya kukufanyia.

Kimuli, Karagwe, Agosti 1995