Ndugu Aliyebaki Nazareti

Seminarini, 6 Machi 1994

Mdogo wangu Hilari,

Natumaini hujambo, na mama kifua kimepoa. Mimi mzima, masomo tu.

Naandika mchezo wa Pasaka juu ya miaka ile ya Yesu ambayo Injili imeinyamazia. Namwona Yusufu amekwisha kufa, Yesu anachonga nira na milango, mama yake anampelekea chakula karakanani. Kisha siku moja anaaga. Unaonaje? Msomee mama.

Kaka yako,
Kelestini

Mchombe, 20 Machi 1994

Kaka, shikamoo.

Hatujambo, ila ndege wameshuka mpungani, nashinda juu ya dungu nikiwafukuza kwa kombeo langu. Mama nilimsomea barua, akataka nirudie. Mimi nikimsemesha husema nimpunguzie kelele.

Umeniuliza, nakujibu. Umemsahau ndugu yake Yesu aliyebaki nyumbani. Nyie wa seminari mnasema alikuwa binamu. Sawa, hata binamu huona wivu. Yesu alipoondoka, milango ya watu nani aliimalizia? Huyo ndugu anarudi amechoka, anamkuta mama anatazama njia. Anasikia kaka kageuza maji kuwa divai huko harusini, na ya nyumbani anayachota yeye. Namwelewa sana. Nakuonea wivu, kaka, sifichi.

Mdogo wako,
Hilari

Seminarini, 17 Aprili 1994

Mdogo wangu,

Pole na shamba. Mchezo ulipendeza, watu walilia pale msalabani, Yesu alipomkabidhi mama yake kwa mwanafunzi wake.

Nimefikiri mama akae karibu na hospitali ya mjini. Rafiki yangu Valeriani, katekista wa Kibaoni, atampokea pamoja na mkewe. Tumeshakubaliana. Mpeleke mapema, najua utaelewa.

Kaka yako,
Kelestini

Mchombe, 8 Mei 1994

Kaka, shikamoo. Huku afya ipo.

Kwa hiyo na mimi nilikuwepo pale msalabani, nimesimama, mama anapewa mtu mwingine. Ungeniuliza. Ningekataa, lakini ungeniuliza.

Nilimwuliza mama mwenyewe, nikitumaini atasema anabaki na mimi. Akasema, "Kelestini akishasema, basi." Akaanza kukunja khanga zake.

Nikawaachia ndege shamba. Lori lilikwama kwenye tope kabla ya kufika mjini, nikambeba mgongoni mpaka Kibaoni. Njia nzima aliniuliza kama wewe unakula vizuri. Niliporudi nilikuta mabua matupu, lakini hilo si neno.

Nilipomshusha mlangoni kwa Valeriani, alinifuta jasho kwa khanga yake, akanishika mashavu kama zamani. Akasema, "Asante, Kelestini wangu."

Nikaitika.

Mdogo wako