Kamba ya Kivuko cha Garsen

Mama Salma wangu,

Kadi hii itavuka mto kwa mtumbwi kabla yangu, maana kamba ya kivuko hapa Garsen imekatika, na lori lenye vyerehani vyangu halipandi mtumbwi. Duka lina bunda moja tu la kamba. Ikikatwa fupi, Idi itanikuta huku. Wazee walivusha uzi kupima upana wa mto, mkondo ukaupinda kama upinde.

Basi mwalimu wa shule ya hapa akaleta darasa zima ukingoni. "Pimeni mto bila kuugusa. Jibu sitoi." Wakabishana kwa Kipokomo hadi mamba wakahama. Mwishowe wakasimama mkabala na mti wa mkoma ulioota ng'ambo, wakatembea kando ya maji wakichungulia karatasi ya mraba iliyokunjwa pembe kwa pembe, mpaka ukingo wake mmoja ukaelekea walikoanzia na mkunjo ukaelekea ule mkoma. "Umbali tuliotembea," wakasema, "ndio upana wa mto." Mwenye duka akashika kisu.

"Ngoja, baba!" binti mmoja akapiga kelele. "Huo ni mto wa leo. Maji yanapanda, kesho kutwa yatafika kwenye migomba!"

Mwenye duka akacheka. "Mwalimu, unakosolewa na mtoto!"

"Ndiyo kazi niliyompa. Haya, pimeni hadi migombani."

Kamba imekatwa ndefu na sasa inafungwa, kwa hiyo Idi tutakula pamoja, inshallah. Salma akikujia jikoni na "kwa nini" zake, usimfukuze, mwulize na wewe. Akikushinda, ningoje nifike tushindwe wote wawili.

Wako wa moyoni,
Baba Salma