Karani Hataki Tena Nyumba Hii

Jumatatu, 4 Machi 1985

Nimefua tena. Karani amekojoa juu ya nepi nilizokwisha kukunja. Paka wa miaka sita ndani ya nyumba hii, hajawahi kukojoa pabaya, leo ananifanyia hivi. Nimechoka mpaka mifupa.

Sabuni madukani hakuna. Afadhali mama mkwe alikuja na ya kwake kutoka Kibara, ameipika mwenyewe kwa mafuta ya sangara na magadi. Inatoa uchafu vizuri. Mikono inababuka.

Masatu ananyonya, analia, ananyonya. Jina la babu yake, na sauti ya babu yake.

Alhamisi, 7 Machi

Karani anajilamba tumbo mpaka manyoya yameisha. Ngozi nyekundu. Dagaa hagusi. Mtoto akilia anakimbilia chini ya kabati na kukaa huko nusu siku.

Kisha nikimlaza mtoto, yeye huyo, anapanda kitandani na kulamba nepi. Mama mkwe kamwona. Kasema paka huvutaga pumzi ya mtoto, kwao Kibara kila mtu anajua. Siamini. Ila tangu aseme, nikisinzia nashtuka kumtazama mtoto kama anapumua.

Jumapili, 10 Machi

Sikwenda kanisani. Magesa alikwenda na mama yake, nikabaki na hawa wawili.

Niandike ukweli, hakuna atakayesoma. Kabla ya Masatu niliishi na huyu paka. Magesa akiwa safari za kikazi, mawifi wakinong'ona kwamba tumbo langu ni jiwe, Karani alikuwaga mapajani mwangu. Nilimpa jina hilo sababu nilipoleta kazi ya kuchapa nyumbani alikaa juu ya karatasi kama mkuu wa ofisi. Sikumtoa nje kamwe. Huku kota watu wanatega sumu ya panya kila kona.

Sasa nina mtoto, nimfukuze? Naona haya hata kufikiri.

Jumanne, 12 Machi

Damu. Mama mkwe alimkuta Karani kitandani, akamvuta mkia. Karani akang'ang'ania shuka, kucha ikapita shavuni kwa Masatu. Mkwaruzo mdogo, chini kidogo ya jicho.

Nilimwambia mama mkwe angemwacha ashuke mwenyewe. Nilipaza sauti. Sijawahi kumpazia sauti. Akaanza kufunga mizigo. Magesa aliporudi kazini, mama yake akamwambia anaondoka na mjukuu, huyu mkamwana abaki na paka wake.

Magesa hakugomba. Bora angegomba. Amesema tu, Mama Masatu, chagua.

Jumatano, 13 Machi

Mama Zuhura, jirani yetu fundi cherehani, ana kaka mwenye duka Manyamanyama, Bunda. Panya wanamtobolea magunia. Anamtaka paka hata leo. Mama Zuhura anakwenda Ijumaa.

Nimekubali. Nimekubali haraka mno. Nilisikia nafuu, halafu nikajichukia.

Ijumaa, 15 Machi

Ameondoka. Mama mkwe alitaka gunia lizungushwe mlangoni ili paka asijue njia ya kurudi. Magesa akazungusha, mtu mzima na suruali ya ofisi. Karani alilia ndani ya gunia. Mama Zuhura akasema, shoga, ingia ndani, usitazame. Nikaingia.

Nyumba kimya. Masatu amelala vizuri. Hilo nalo limeniudhi.

Jumatatu, 18 Machi

Nilianika nepi kwenye kamba. Nikageuka kuchukua beseni. Paka wawili wa mtaani wamening'inia kwenye nepi, wanalamba, wanavuta. Nikaifikisha puani. Samaki. Kumbe nepi, shuka, mtoto mwenyewe, vyote vinanuka sangara, sisi pua zimeshazoea.

Nimekaa chini kwenye majani nikacheka. Halafu nikalia. Tumemfunga mtoto kama kitoweo, tukamwita paka mchawi.

Nilimpelekea mama mkwe ile nepi. Akainusa. Akainusa tena. Ndipo akasema, "Basi kamlete." Aliipika ile sabuni usiku na mchana kwa ajili ya mjukuu. Nilimwonea huruma.

Ijumaa, 22 Machi

Magesa kapata kipande cha sabuni ya magendo kutoka mpakani. Nepi hazinuki tena. Hakuna sababu ya Karani kutorudi. Nimesema nitakwenda mara mvua ikipungua. Mvua imepungua tangu jana.

Naogopa nini? Kumbe hata kabla ya kulamba nepi alikuwa anakojoa na kujinyonyoa. Sabuni haikuleta kile kilio, wala wageni wa kumwona mtoto, wala mimi kumpiga teke kila aliponifuata jikoni.

Jumamosi, 30 Machi

Nimekwenda Bunda, Masatu mgongoni. Duka la Mzee Abdu, kaka yake Mama Zuhura, ni chumba cha giza chenye harufu ya mchele. Karani alikuwa juu ya gunia, amelala chali, tumbo wazi. Manyoya yameanza kuota.

Nikamwita. Akashuka, akanusa miguu yangu, akajisugua. Akanusa na kijiguu cha Masatu. Nilisema moyoni, tayari, twende.

Masatu akalia. Karani akajikunja, masikio nyuma, akapotea kati ya magunia. Nikasubiri. Nikamnyonyesha mtoto pale pale kwenye kigoda. Mtoto aliponyamaza, Karani akatoka, akapanda juu ya gunia lake, akanitazama, akalala.

Mzee Abdu akasema, mwanangu, ni wako, mchukue. Nikamwambia anachopenda ni mapande ya mapafu, dagaa hagusi.

Nimefika nyumbani jioni. Mama mkwe kanipokea mtoto, akatazama mikono yangu mitupu. Magesa ndiye aliyeuliza, Karani yuko wapi?

Nikamwambia yuko kwao. Nikaenda kuoga.