Mugomba mu nafasi ya mupiga-kinanda

Mupenzi mutoto wangu Kambale,

Nakuandikia na mukono wangu mwenyewe, na unajua masomo yangu iliishia shule ya musingi ya Vuhovi. Ukikuta makosa, cheka, mais usiache kusoma.

Butembo muzima, hakuna mama mwingine aliyezaa mupiga-kinanda kama wewe. Nasema vile ku soko, nasema ku kanisa, na jirani yetu Masika anasema nimezidi. Azidi naye, kama eko na mupiga-kinanda wake. Ulianza na kinanda ya korali, miguu haifike chini. Kisha ukasikia kasete ya ile muziki unaita rock progressive, miimbo mirefu inapanda, inashuka, inabadilisha mwendo kama camion ya mizigo ya Beni ku milima. Tangu pale pasta hakupata amani. Watu walipiga makofi wakizani umemaliza, kumbe unapumzisha vidole tu. Mimi ndiye nilisimama kuwaambia wakae, mutoto wangu angali na kazi.

Na Beni, mu ile bar ya barabara kubwa, vijana walikuja kucheza ndombolo, ukawapigia yako. Wakaguna. Kisha wakasikiliza, glasi mu mikono. Muuza-kakao mumoja akasema ile ni muziki ya watu hawana kazi kesho. Mais kila juma alirudi, nilikuwa nakuja kukusikiliza, nilimuona na macho yangu.

Vita ikaingia. Basoda ba kambi ya Beni bakakuchukua, wewe na kinanda, umupigie komanda wao. Nikakufuata na kuku ya kupika. Ulikuwa umekonda. Ukaniambia ku mulango:

“Mama, hapa banataka ya kucheza tu. Mais vidole vyangu havijasahau.”

Wakahama, wakaingia pori, nawe juu ya camion yao. Mpaka leo hakuna mutu alikuona.

Sasa baba yako mukubwa Paluku amekuja kusema matanga ifanyike. Maiti hakuna, donc tuzike mugomba ndani ya shuka, kama tunavyofanyia waliopotea. Nilimufukuza. Lakini bibi yako Kavira, uliyemuoa, angali kijana, na bila matanga hawezi kuanza maisha ingine. Kuko mwanaume mwema wa Luofu anamuuliza juu ya ndoa. Kavira mwenyewe hakuniomba kitu. Aliniambia tu:

“Mama, ukisema tungoje, nitangoja.”

Kama angebishana nami, ningekataa. Ile neno ndiyo ilinishinda.

Donc siku ya posho, ile jumamosi inakuja, tutakuzika. Walikuwa wanataka kukata kagomba kadogo ka nyuma ya choo. Nikawaambia hapana, mutoto wangu alikuwa murefu. Nitachagua mwenyewe, mugomba munyoofu, mu shamba langu, na shuka itakuwa mupya.

Mais sikia vizuri. Nimekubali juu ya Kavira, hapana juu yangu. Kama uko muzima fasi fulani, kuja. Simama ku kaburi yako, niite muongo mbele ya ukoo yote. Ile haya nitaipokea na mikono miwili.

Mungu akulinde kule uko.

Ni mimi mama yako, niliyekuzaa, na ninayekuzika bila kuamini.