Ada Imeshuka, Shemeji

Nyumba ya kona, nyuma ya gereji,
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa shemeji,

Hujambo wewe na mama watoto? Na yule mkorofi wenu wa kupanda madirisha, ameshatulia? Sisi huku tu wazima, tunakula, tunalala, tunagombana kidogo ili nyumba isipoe. Umeadimika mno. Nilikuwa nimeapa sikuandikii mpaka uandike wewe, ila nimeshindwa, kwa hiyo umenipata mara hii tu.

Kwanza, ile pesa uliyosema utamtumia kaka yako akalipie cheti chake cha winchi, usiitume. Ada imeshuka. Zamani dereva wa winchi ndogo kama yetu alilipa sawasawa na wa zile ndefu za kujengea maghorofa. Sasa sheria mpya inapanga ada kwa uzito ambao mashine inanyanyua, na sisi tumeangukia kundi la chini kabisa. Siku tangazo lilipobandikwa getini, watu wa saiti walishangilia utadhani timu yao imefunga bao.

Kaka yako peke yake hakushangilia. Unajua alivyokuwa akiilalamikia ada ile. Cheti chake kimekwisha muda tangu mwaka jana, na kila akiulizwa jibu lilikuwa lile lile: ghali, wanatunyonya, ngoja kwanza. Msimamizi alimvumilia kwa sababu wengi walisema hivyo hivyo. Ada iliposhuka akaanza kutupiga chenga: mara ofisi iko mbali, mara foleni, mara mgongo. Nikaona hapa kuna jambo.

Mimi ndiye mpiga ishara wake, si unajua? Yeye juu kibandani, mimi chini na glavu zangu, namwonyesha inua, shusha, simama. Miaka yote nilisimama pembeni, upande wa mzigo. Tangu mwaka jana akawa ananiambia, "Sogea hapa mbele yangu bwana, nikuone vizuri." Shemeji, usinicheke. Nilifurahi. Nilidhani mapenzi yamemrudia ukubwani, nikaanza hata kufunga kilemba kizuri chini ya helmeti.

Kumbe pembeni haoni.

Nililijua hilo siku tuliyopandisha furushi la nondo. Mpaka rangi mmoja alikuwa juu ya jukwaa, upande wa kushoto, anapunga mikono yote miwili na kupiga kelele, na kaka yako akazidi kugeuza winchi kana kwamba pale hakuna mtu. Nikampa ishara ya kusimama, akasimama. Nondo zikabaki zinaning'inia karibu na shavu la yule bwana. Hakuumia mtu, lakini nilivua glavu nikakaa chini kwenye mchanga.

Tulipofika nyumbani nilimwuliza bila kuzunguka. Akasogeza kikombe cha chai pembeni, akasema, "Ukilipa ile ada wanakupima macho pia, mama. Papo hapo. Ndiyo maana." Nilitaka kumfokea. Lakini nilimpenda na kumwonea huruma kwa wakati mmoja, na hasira ikakosa pa kukaa.

Kesho yake alienda mwenyewe, hakutaka nimsindikize. Akalipa, akapimwa macho, akashindwa. Akarudi saiti akamkabidhi msimamizi ufunguo wa kibanda mbele ya watu wote, na akamwomba radhi yule mpaka rangi. Siku hizi yuko stoo, anatoa misumari na saruji. Asubuhi ananuna, jioni anacheka. Winchi anaiendesha mama mmoja mgeni mwenye mkono mwepesi, ingawa kaka yako anasema anageuza haraka mno. Mwache aseme, inampunguzia uchungu.

Hospitali wanasema ni presha ya macho. Hauumi huo ugonjwa, wala hauwashi. Unakula kuona kwako kuanzia pembeni kuja katikati, polepole, na mwenyewe hujui. Kilichokwisha kuliwa hakirudi. Matone aliyopewa ni ya kulinda kilichobaki. Halafu daktari akamwuliza kama ana ndugu wa tumbo moja. Akasema, "Ninaye mmoja, yuko mbali, anaendesha kijiko cha kuchimbia misingi." Daktari akaweka kalamu chini. Akasema ugonjwa huu hutembea kwenye damu, na huyo ndugu apimwe haraka.

Ndiyo sababu ya barua hii, shemeji. Hayo mengine yote nilikuwa najizungusha. Nenda kapime macho kabla hujapanda tena kwenye hiyo mashine. Usiniambie unaona vizuri. Yeye pia alikuwa anaona vizuri.

Mama yenu anawasalimu sana. Hajui lolote juu ya macho, usimwambie kwanza. Binti yetu mshonaji anawasalimu, anauliza kama nguo za watoto ziliwatosha. Kaka yako anajua kwamba naandika. Usingizi wake umekuwa wa mang'amung'amu, na kinachomkosesha si winchi, ni wewe.

Ukishapimwa nipigie mimi kwanza, usimpigie yeye. Majibu yakiwa mazuri nitampa simu hapo hapo. Yakiwa mabaya, nataka niwe nimekaa karibu naye, nimemshika mkono, kabla hajasikia.

Mungu akuweke, uwaone wanao wakikua.

Ni mimi shemeji yako akupendaye,
Mpiga Ishara