Cheo Nilichopewa Mtandaoni

Jumamosi, Ntobeye. Mawingu yameshuka hadi kwenye migomba, na mvua inanyesha ile ya kidogokidogo isiyo na haraka. Nimejifungia chumbani kwa mama nikijifanya nimechoka na safari. Nimechoka kweli, ila si na safari.

Shajara yangu, leo nimesherehekewa. Hapa kwenye blogu sijaweka jina langu, kwa hiyo acha niseme bila kupaka rangi: nimesherehekewa kwa cheo ambacho sina.

Mimi ni afisa uwandani wa kampuni ya pembejeo. Nazunguka na pikipiki Bisibo na Nyamahanga, wilayani Biharamulo, kuwaonyesha wakulima namna ya kutumia mbegu tunazouza. Kazi nilikuwa naipenda. Kisha makao makuu wakagundua ule mtandao wa kikazi ambao watu huweka vyeo vyao na picha wamevaa koti. Tukaagizwa wote tujiunge, eti mfanyakazi ndiye tangazo bora la kampuni. Sawa. Nikaazima koti la mwenzangu, nikapigwa picha mbele ya ukuta wa stoo.

Baada ya hapo zikaanza kuja habari zilizokwisha kuandikwa. Kazi yetu ni kunakili na kubandika tu. "Najivunia kuwa sehemu ya familia hii." Kila Ijumaa msimamizi anapitia nani kapenda, nani kasambaza, nani kakaa kimya. Aliyekaa kimya anapigiwa simu. Kuna siku nilibandika kwamba naamka na tabasamu kwa ajili ya kampuni yangu, huku nimekwama kwenye matope ya Nyamahanga, pikipiki imelala ubavu. Nilicheka peke yangu, halafu nikaona si jambo la kucheka.

Mara moja tu niliutumia mtandao ule kama mtu. Msimu huu mbegu za baadhi ya wakulima wangu zilikataa kuota. Nikaandika kwa maneno yangu mwenyewe, nikiwauliza wenzangu wa wilaya nyingine kama wameliona hilo. Haikuchukua muda, mwenzetu mmoja wa upande wa Kigoma, ambaye sijawahi kumwona kwa macho, akajibu. Kwake ilitokea pia. Mbegu zilikuwa zimekaa stoo yenye joto, karibu na bati. Akanieleza namna ya kuzijaribu kwenye kitambaa chenye maji kabla ya kumpa mkulima. Wengine nao wakaongeza yao. Nilifurahi mpaka nikasimama. Kumbe hiki kitu kina maana! Kampuni ingetuachia tuulizane hivi, mgeni ajifunze kwa mkongwe, aliyeko Biharamulo asijione katupwa peke yake, tungeisifu wenyewe bila kushikiwa fimbo.

Msimamizi akapiga simu. "Futa hiyo, dada. Unatuanika."

Nikafuta.

Akaongeza kwamba wakulima wakiniuliza, nijibu kosa ni la mvua. Hapo ndipo nilipoamua kuondoka.

Nimepata kazi kwenye chama cha wafugaji nyuki kule Biharamulo. Hakuna koti wala jina refu, nitahangaika na mizinga na watu wake. Wanataka jibu Jumatatu asubuhi. Leo nilikuja kumwambia mama kwanza, maana kwetu mtu haachi kazi kama anavyovua kandambili. Mama alilima peke yake ili nisome, na jambo hili lazima alisikie kwa mdomo wangu.

Sikujua kwamba mtandao umenitangulia.

Majuma machache nyuma, makao makuu waliona vyeo vyetu havipendezi machoni pa wateja. Wakatubadilishia majina, wakatutangaza mmoja mmoja pamoja na picha. Mimi nikawa "Kiongozi wa Mahusiano na Wakulima, Kanda ya Magharibi". Kazi ileile, pikipiki ileile. Binamu yangu aliyeko Mwanza akaliona tangazo, akalirusha kwenye kundi la ukoo kwenye simu, kundi ambalo mimi silifungui kwa sababu ya kelele zake. Kaka yangu akamsomea mama. Katika maneno yote yale, mama alisikia moja tu: kiongozi. Nilipompigia simu kwamba nakuja Jumamosi, akakata ndizi, akazivundika, akakamua.

Basi nimefika uani nikakuta majirani wamejaa chini ya turubai. Mzee aliyenifundisha darasa la kwanza, jirani yetu, akainuka na kuvua kofia. Nikawahi kusema, "Shikamoo, mwalimu." Hakuitikia.

"Hapana, leo sisi ndio tunakusarimu, kiongozi," akasema. "Umeturetea heshima."

Vigelegele vikapigwa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Kisha likaletwa buyu la urwagwa, pombe yetu ya ndizi. Huku mwenye pombe huonja kwanza wageni wakimtazama. Akimeza anakuwa amewaambia: humu hakuna baya lililofichwa, kunyweni. Mama akatangaza kwamba pombe hii ni yangu. Akanikabidhi buyu kwa mikono miwili. Mama yangu, kwa mikono miwili, mimi mtoto wake.

Ningeweza kuliweka chini. Ningeweza kusema jamani, samahanini, hapa kuna makosa, hiki cheo ni maandishi tu. Mvua ilikuwa inagonga turubai, na mama alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka.

Nikaonja.

Ilikuwa tamu sana. Wote wakanywa baada yangu, wakaniombea nipande juu zaidi. Kampuni imenichukulia jina na sura, hilo nililizoea. Sikutegemea kwamba itafika mpaka uani kwa mama.

Jioni, wageni walipoondoka, nilimfuata mama jikoni. Alikuwa anasugua sufuria. Nikaanza, "Mama, kuhusu hii kazi..." Akanidaka hapohapo. Jina langu ameshalipeleka kanisani, kesho nitaitwa mbele kutoa shukrani, na jogoo wa sadaka yuko tayari. Aliyasema hayo bila kupumua. Halafu akaacha kusugua, akanitazama.

"Lakini mwanangu, kazi yenyewe unaipenda?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Si msimamizi, wala makao makuu na mtandao wao wote. Mama alisimama pale ananisubiri, mikono inadondosha maji, na mimi maneno niliyokuja nayo toka Biharamulo yote nilikuwa nayo mdomoni.

Nikasema naipenda.

Mama akainamia tena sufuria. "Haya," akasema. Ile haya ninaijua. Ndiyo anayonipa kila ninapomwambia nimeshiba, halafu ananiongezea chakula.

Hajaniamini. Amenyamaza ili nisiaibike, na sasa tumebanwa wote wawili. Kesho atanishika mkono tukiteremka kwenda kanisani, mimi na yeye na jogoo wake, na njia ile si ndefu. Je, nitaweza kufungua kinywa kabla hatujaufikia mlango?