CD ya mama mu motokari

Ambroise,

Sombe iko pa mbabula, uangalie isiungue. Motokari yako usiiguse, niko naenda kuita mekanisie aitoshe CD ya mama.

Papa hakujua kama haina radio ya CD, inasoma kle ya USB tu. Aliona ufa pale mbele, akaisukuma mule, ikaanguka ndani. Na weye ukacheka: "Papa, unalisha motokari bukari?" Hukuona vile aliingiza vidole mule, anaitafuta. CD iko moja tu, ile mama anaimba kasala, anamusifu papa na majina yake yote. Kama haikuvunjika, tutaiweka mu kle.

~~Umuombe musamaha.~~ Apana, utamuongezea haya ya kuchekwa. Umupelekee chakula, umuite vile mama alikuwa anamuita. Tangu tulimuzika, hakuna mwenye kumuitaka vile.

Yaya yako